Kwa nini kichwa kipya cha treni ya umeme hujaribiwa kikiwa kazini

Swali, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo mama. Nasoma ufundi umeme hapa Tanga, naishi Ngamiani. Tangu nilipopanda treni ya umeme kutoka Dar hadi Dodoma nimekuwa nikisoma kila ninachokipata kuhusu vichwa vya treni. Nimeona wenzetu wa Ulaya hutengeneza kwanza vichwa vichache vya mfano, wakavitia kazini miaka kadhaa, ndipo wakaagiza vingi. Je, huko si kuwafanyia abiria majaribio? Kwa nini visipimwe karakanani mpaka viive? Na kama siku moja umeme utafika kwenye reli yetu ya Tanga, kipi kitahitaji kujaribiwa hapa hapa, hata kama kimeshajaribiwa kwingine?"

Marahaba, mwanangu. Maswali yako ni matatu na la kwanza ndilo zito. Abiria hawafanyiwi majaribio, ilimradi wahusika wametenganisha mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya: usalama na kutegemeka. Kichwa kisichoshika breki ni hatari. Kichwa kinachozima Korogwe saa kumi na moja alfajiri, watu wakakaa wanasubiri, ni kero. Hatari inatakiwa iondolewe kabla abiria wa kwanza hajakata tiketi. Kero kwa sehemu kubwa haiondoleki mapema, kwa sababu bado hakuna anayeijua. Kichwa cha mfano kinaingia kazini ili kutuonyesha kero hizo, na anayekiongoza akidhani kimeingia ili kuthibitisha kwamba ni kizima, basi majaribio yameshaharibika siku ya kwanza.

Nianze na yanayotangulia. Breki hupimwa kichwa kikiwa peke yake, kisha kikiwa na mabehewa yaliyopakiwa uzito, reli ikiwa kavu, halafu reli ikiwa imemwagiwa maji yenye sabuni ili iteleze makusudi. Mwendo nao hupimwa kwa kukivusha kichwa mwendo wake wa juu kwa asilimia 10 hivi, vipimo vikiwa vimefungwa kwenye ekseli kusoma gurudumu linasukuma reli kwa nguvu kiasi gani upande upande. Ziko njia zilizojengwa kwa kazi hiyo tu. Velim, katika Jamhuri ya Czech, kuna duara la reli la zaidi ya kilomita 13 ambalo limekuwepo tangu 1963, na kichwa kinaweza kulizunguka usiku na mchana bila kukutana na abiria hata mmoja.

Lakini kinachowanyima usingizi wahandisi wa vichwa vya umeme, pengine kuliko breki, ni umeme unaorudi. Umeme huingia kichwani kutoka waya wa juu, hupita kwenye transfoma na mota, kisha hurudi kwenye kituo cha kupozea umeme kwa kupitia reli zenyewe. Katika njia nyingi duniani reli hizo hizo hubeba pia umeme mdogo wa ishara. Treni ikiingia kwenye kipande fulani, magurudumu yake huziunganisha reli mbili, umeme ule mdogo haufiki upande wa pili, na taa ya nyuma yake huwaka nyekundu. Sasa vichwa vya kisasa huukata umeme vipande vipande kwa swichi za elektroniki, mamia ya mara kwa sekunde, ili kuendesha mota, na mkato huo huzaa mawimbi ya ziada. Mawimbi hayo yakiangukia kwenye masafa yale yale ya ishara, mtambo unaweza kudhani umeona umeme wake wenyewe, ukasema njia ni tupu ilhali treni imesimama pale. Unaona uzito wake. Vichwa 46 vya Class 92, vilivyojengwa miaka ya 1990 kwa ajili ya treni za handaki lililo chini ya bahari kati ya Uingereza na Ufaransa, vilikawia sana kupata ruhusa katika baadhi ya njia za Uingereza kwa sababu ya jambo hili hili. Vilikuwa vinatembea na nguvu vilikuwa nazo. Lakini ilibidi kuthibitisha, njia kwa njia, kwamba havitaidanganya ishara. Huko ndiko kulinda abiria, na hakuna siku inayopunguzwa ili kuwahi sherehe ya uzinduzi.

Hata kichwa kisicho cha mfano, kikifika kwenye njia mpya, hupitia hatua hii. Kwetu, treni ya majaribio ilipita kati ya Dar es Salaam na Morogoro Februari 2024, na abiria wa kulipa nauli wakaanza Juni mwaka huo, kisha Dodoma ikafuata Julai.

Sasa swali lako la pili: karakana mbona haitoshi? Nitakueleza kwa jambo nililolishika kwa mkono wangu.

Miaka ya nyuma nilikuwa kwenye timu ya majaribio ughaibuni. Tulikuwa na vichwa viwili vya mfano vikivuta treni za kawaida, na vyote viwili vikaanza kuzima. Swichi kuu inafyatuka, dereva anairudisha, safari inaendelea. Ilitokea mara moja kwa wiki moja au mbili, karibu kila mara asubuhi. Kompyuta iliandika kwamba umeme wa saketi za udhibiti umevuja kwenye bodi ya chuma ya kichwa. Tukivipeleka karakanani tunapima siku mbili nzima, hatuoni kitu. Tukabadilisha kadi ya elektroniki. Tukabadilisha kebo. Tukabadilisha kadi tena, na kila tulipobadilisha kitu tulijipa moyo, mpaka kinazima kwa mara nyingine.

Kilichotufumbua macho ni mstari mmoja kwenye daftari la dereva. Aliandika hivi: kimezima tena, jana usiku kilioshwa. Basi. Hakuandika sababu wala hakumlaumu mtu. Nikarudi nyuma ukurasa kwa ukurasa, nikalinganisha na ratiba ya kuosha, nikaona karibu kila kuzima kumefuata kuoshwa. Usiku ule nikaingia chumba cha mashine na tochi. Nyuma ya wavu wa kuingizia hewa kulikuwa na plagi ya kebo ya kipimo cha joto, imetazama juu. Nilipoifungua, ndani mlikuwa na tone moja la maji, dogo kama punje ya mtama, na pini moja ilikuwa imeota ile kutu ya kijani ya shaba. Brashi za mtambo wa kuoshea zilikuwa zikirusha maji kutoka chini kwenda juu. Wavu ulikuwa umebuniwa kwa ajili ya mvua, na mvua hutoka juu. Maji yaliyopenya yalitambaa juu ya kebo taratibu mpaka kwenye plagi, yakakaa humo usiku kucha, na asubuhi kichwa kikiwashwa, umeme unavuja.

Dawa yake ilikuwa kuigeuza plagi itazame chini, na kuilegeza kebo ifanye tumbo chini yake, ili maji yanayotambaa yadondokee kwenye tumbo kabla hayajapanda. Ni ufundi ambao hata fundi wa antena mtaani kwenu anaujua. Karakana yetu ilikuwa na kila kipimo unachoweza kukitaja, ila haikuwa na mtambo wa kuoshea treni, na hakuna kiongozi wa majaribio ambaye angefikiria kuuweka kwenye orodha.

Baada ya hapo likaja jambo ambalo wanafunzi wengi hawafundishwi, nami naomba ulishike. Wiki tatu zilipita bila kuzima, na wakubwa wakataka tufunge faili. Fikiria hesabu hii. Tuseme hitilafu fulani hutokea kwa wastani mara moja kila kilomita 10,000, bila mpangilio. Umeitengeneza, umetembea kilomita 10,000, haijatokea. Umejifunza kidogo sana, kwa sababu hata kama hukutengeneza chochote, bahati peke yake ingekupa matokeo hayo mara 37 katika 100. Fika kilomita 30,000 bila kuzima, hapo bahati imebaki na nafasi kama 5 katika 100, na unaweza kuanza kuamini. Kichwa kimoja kinachotembea kilomita 500 kwa siku kinahitaji miezi miwili kufika huko. Vinne vinafika kwa siku 15. Na kwa hitilafu yetu hata kilomita hazikuwa kipimo sahihi, maana maji hayakuingia kwa kutembea. Tulihesabu maosho. Tukarekebisha kichwa kimoja, cha pili tukakiacha makusudi kama kilivyo, vikaoshwa pamoja usiku ule ule kwa mtambo ule ule. Kile tulichokiacha kiliendelea kuzima. Cha kwanza hakikuzima. Ndipo tukafunga faili.

Kuacha kichwa na kasoro makusudi kunaruhusiwa kwa sababu ile ile niliyoitaja mwanzo: hiyo ilikuwa kero. Ingekuwa breki, vyote viwili vingesimama siku hiyo hiyo.

Ukiibeba hesabu hiyo kichwani, utaelewa kwa nini wenzetu hawajengi kichwa kimoja cha mfano wakatosheka. Uswisi, mwaka 1972, walijenga vinne vya Re 6/6 kwa ajili ya milima ya Gotthard. Viwili walivikata bodi katikati wakaiunga kwa kiungo, wakihofia kwamba bodi ndefu juu ya bogi tatu, yaani fremu tatu za magurudumu, haitapita vizuri pale njia inapobadilika mteremko. Viwili wakaviacha na bodi nzima. Vyote vikaenda kuvuta mizigo ya kweli kwenye mlima wa kweli, na bodi nzima ikaonekana inaweza. Vile 85 vilivyofuata kuanzia 1975 vilikuwa na bodi nzima, bila kiungo. Mimi nauhesabu mpango huo kati ya mipango mizuri zaidi ya majaribio niliyopata kuisoma, kwa kuwa hawakuuliza tu kama kichwa kinafaa. Waliweka maswali mawili reli moja wakayaacha yajibizane.

Ujerumani walivumilia zaidi. Vichwa vitano vya mfano vya Class 120, vyenye mota za awamu tatu zinazolishwa kwa elektroniki, vilianza kutoka mwaka 1979. Vile 60 vya kuagizwa vilianza kutoka 1987. Katikati pana miaka minane ya kutembea, kuvunjika, kutengenezwa na kutembea tena. Teknolojia ilikuwa changa wakati ule, na vichwa vingi vya leo, pamoja na vile unavyoviona Dar, ni wajukuu wa mawazo yaliyoiva katika miaka hiyo. Uingereza walikuwa na haraka zaidi kwa Class 91: kumi vya kwanza vilianza kutoka 1988, vikachunguzwa, kisha vikafuata 21.

Kuna kisa kimoja cha Uingereza nakipenda. Kichwa cha mfano cha umeme wa volti 1,500 kilikamilika mwaka 1941 kwa ajili ya njia ya milimani kati ya Manchester na Sheffield, lakini vita vilikuwa vimesimamisha ujenzi wa nyaya. Kichwa kipo, umeme hakuna. Mwaka 1947 kikaazimwa kwa Waholanzi, ambao walikuwa na umeme wa volti zile zile na upungufu mkubwa wa vichwa baada ya vita. Kikafanya kazi huko mpaka 1952, na madereva wa Kiholanzi wakakipa jina, Tommy. Mafunzo yake yakaingizwa kwenye vile 57 vilivyojengwa baadaye. Ninachokipenda ni kwamba kilipimwa na watu wasiokuwa na sababu ya kukitetea. Dereva wa nchi ya mbunifu anaweza kuona haya kusema kiti kinaumiza mgongo. Mgeni atasema.

Kuna pia vichwa vya mfano ambavyo havikuzaa. Uswisi hao hao walijenga vinne vya Re 4/4 IV mwaka 1982, na havikuendelezwa, kwa kuwa mota za awamu tatu zilikuwa zimeshaonyesha njia bora. Vikaishia kwenye kampuni nyingine ya reli nchini humo. Wapo wanaoita hiyo hasara. Mimi sikubaliani nao. Kujenga vinne na kusimama ni nafuu kubwa mno kuliko kujenga mia na kuishi navyo miaka 40.

Haya, tuje kwetu. Njia yetu ilianza kujengwa hapa Tanga mwaka 1893 na ikafika Moshi 1911, na upana wake ni mita moja. Watu husema upana huo ni mdogo mno kwa umeme. Si kweli. Malaysia wanaendesha treni za umeme wa volti 25,000 kwenye reli ya mita moja, na Afrika Kusini mwaka 1978 kichwa cha umeme kilifika kilomita 245 kwa saa kwenye reli ya milimita 1,067. Nafasi ya mota kati ya magurudumu ni finyu, hilo ni kweli, lakini limeshatatuliwa na wengine.

Ambalo hakuna aliyetutatulia ni hewa yetu. Toka nje siku moja alfajiri, mwezi wa pili hivi, kaskazi imevuma wiki kadhaa bila mvua, upite karibu na nguzo za umeme zilizo upande wa bahari, kama kule Raskazone. Simama mbali, usisogelee. Utasikia mchirizo, kama mafuta yanayoanza kupata moto kwenye kikaango, na kukiwa bado na giza unaweza kuona cheche ndogo za zambarau zikitembea juu ya vile vikombe vya kauri. Rudi saa sita mchana, kimya. Chumvi kavu haipitishi umeme. Chumvi iliyolowa umande hupitisha. Juu ya paa la kichwa cha treni kuna vikombe vya namna hiyo hiyo vinavyoibeba pantografu, ile mikono inayougusa waya, na vinashikilia volti 25,000 karibu kabisa na bati la paa. Chumvi ikiganda, umande ukashuka, umeme utaanza kutambaa juu ya kikombe, na siku moja utaruka.

Kwa hiyo kama mimi ningepewa kichwa cha mfano hapa Tanga, jaribio langu la kwanza lisingekuwa la mwendo. Ningekiegesha nje, upande wa bahari, bila kukiosha, nikapima kila alfajiri umeme unaovuja juu ya vikombe vyake, na ningeendelea mpaka mvua za kwanza zipite. Mvua kubwa ya masika ni rafiki, maana inaosha kila kitu. Adui ni manyunyu ya kwanza baada ya kiangazi, yanayolowesha chumvi bila kuiondoa. Na angalia jinsi mambo yanavyokutana: manyunyu hayo hayo ndiyo yanayofanya gurudumu liteleze zaidi. Reli iliyonyeshewa sana husafishika. Reli yenye vumbi, mafuta kidogo na unyevu kidogo huwa kama ngozi ya kambare. Asubuhi ile ile ambayo vikombe vinachiriza juu, magurudumu yanateleza chini, dereva anaongeza mchanga unaomwagwa relini ili magurudumu yashike, mota zinapandisha na kushusha umeme kwa kushtukiza. Wiki mbili za jua kali zisingekuonyesha lolote kati ya hayo. Wenyewe tuna msemo kwamba Tanga waja leo waondoka leo. Majaribio hayawezi kuwa hivyo. Yanataka kaskazi, masika, kusi na vuli, mwaka mzima usiopungua.

Pili ningependa kuangalia mkonge. Kichwa cha umeme kinavuta hewa nyingi sana kupoza mota na transfoma, na njia yetu kuelekea Muheza na Korogwe inapita penye mashamba yake. Vumbi la kawaida hunaswa kwenye kichujio na hukung'utika. Nyuzi husukana, zikawa kama mkeka, na mkeka huo haukung'utiki. Ningefunga vichujio vya aina mbili, upande wa kushoto na wa kulia wa kichwa kimoja, nikavipima uzito kila wiki. Joto lenyewe silihofii sana. Limeshapimwa kwenye nchi za joto kuliko hapa.

Umeniuliza pia, mwishoni mwa barua yako, uanzie wapi wakati hatuna kichwa cha kupima. Unazo nguzo na unayo bahari. Nunua daftari lenye jalada gumu. Kila alfajiri utakayoweza, chagua nguzo tatu: moja ya ufukweni, moja ya Ngamiani kwenu, moja ya mbali na bahari, tuseme Pongwe siku ukiwa na safari ya huko. Andika tarehe, saa, upepo unatoka wapi, mvua ya mwisho ilinyesha lini, kama kuna umande kwenye bati, na kama nguzo inasikika au haisikiki. Usiandike kwa nini. Andika ulichokisikia tu, kama yule dereva wetu. Siku isiyo na sauti nayo iandike, maana ukiandika siku za sauti peke yake hutakuwa na cha kulinganisha. Anza sasa, ili manyunyu ya kwanza yakukute umeshajaza kurasa za siku kavu. Zikifika kurasa ishirini, zilete tuzisome pamoja, na uje na ratiba ya mvua ya miezi hiyo.